Kuishi bila nyama Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watu wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na majirani zao walioacha nyama, wanaofikiria kuacha, au wenye ndugu aliyeacha na hawajui wamwandalie nini mezani. Hatumpigii mtu debe aache nyama, wala hatumtishi anayeacha. Tunachoangalia ni kile kinachoingia kwenye sahani baada ya nyama kutoka.

Nani anahesabiwa kuwa hali nyama?

Vejeteriani hali nyama ya aina yoyote, kuku na samaki wakiwemo, ila wengi wao hutumia maziwa, mayai na asali. Vegani anaacha kila kinachotokana na mnyama: maziwa, mayai, samli, na kwa wengi hata asali. Anayekula usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, siku mojamoja hayumo kwenye makundi hayo mawili, ingawa mlo wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa wote. Kumbikumbi nao ni wanyama, hata kama wameokotwa chini ya taa bila kisu.

Tofauti hiyo ina uzito kiafya. Anayekunywa maziwa na kula mayai akikosea kidogo haumii haraka. Vegani hana nafasi hiyo, hasa kwa vitamini B12, na tahadhari nyingi zilizomo humu zinamhusu yeye.

Si wengi huku tayari tunakula ugali na majani? Jipya ni lipi?

Ni kweli, kwenye kaya nyingi za vijijini nyama huonekana sikukuu, mgeni akija, au ng'ombe akivunjika mguu. Lakini kukosa nyama kwa sababu haipo na kuiacha kwa mpango havizai matokeo yaleyale. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe karibu asilimia 50, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha miji mahindi, viazi na maharage.

Udumavu una sababu nyingi: magonjwa ya kuhara, kazi nyingi za mama, mtoto kula mara mbili kwa siku. Sababu moja, hata hivyo, unaiona kwa macho: mlima wa ugali wa sembe, kijiko cha kabichi pembeni, na asubuhi chai ya rangi na kiazi. Gramu 100 za kabichi zina protini gramu moja na kidogo. Maharage yapo ghalani, lakini yanasubiri lori la kwenda Dar es Salaam. Anayeacha nyama akabaki na sahani hiyo hajala mlo wa mimea, amepunguza tu chakula.

Protini nitaitoa wapi?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48, na kwa kuwa protini ya mimea humeng'enywa pungufu kidogo, ni busara alenge 55 hadi 60. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Vikombe viwili kwa siku, mchana na jioni, ni 30. Ugali wa gramu 300 za unga wa dona unaongeza kama 24. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 7 nyingine. Umefika, na hujagusa yai.

Dona tunaitaja makusudi: sembe imepoteza kiini cha punje, na pamoja nacho sehemu ya protini, mafuta, zinki na vitamini za kundi B. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, kwa hiyo makande ni chakula kilichokamilika kuliko sifa yanayopewa shuleni. Si lazima vyakula hivyo vikutane kwenye sahani moja. Vikikutana ndani ya siku moja inatosha.

Kosa la kawaida Rungwe na Njombe ni kudhani parachichi limechukua nafasi ya nyama. Parachichi ni chakula kizuri sana, lina mafuta salama kwa moyo na potasiamu nyingi, lakini protini yake ni gramu 2 tu kwa kila gramu 100. Lipake kwenye kiazi au lisindikize maharage. Lisiyafukuze.

Maharage yangu hayaivi, na yakiiva tumbo linajaa gesi. Nakosea wapi?

Huenda kosa si lako, ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Njombe ni juu zaidi, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto pungufu zaidi. Ndiyo maana maharage yaleyale huiva mapema Kyela kando ya ziwa na kumaliza mkaa Njombe.

Fanya hivi. Chambua, kisha loweka kwa saa 8 hadi 12 kwenye maji mara tatu ya maharage. Mwaga maji hayo yote, kwa kuwa ndimo zimo sukari zinazoleta gesi. Suuza, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali hadi yatokote kweli, na yaendelee kutokota dakika 15 hadi 20 kabla hujapunguza moto. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na huharibika kwa mchemko mkali tu. Anayeyahamishia kwenye kikapu cha kutunza joto kabla hayajatokota anajitafutia balaa.

Nyanya na ndimu ziingie maharage yakishalainika, kwani uchachu hukaza ganda. Magadi hulainisha haraka, hilo halina ubishi, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Mwenye presha ayaache kabisa. Kama umelowesha na kuchemsha saa tatu bado yanagonga jino, yamekaa ghalani mno, hasa kama ghala lilikuwa na joto. Hayo yatie kwenye presha kuka au uyasage. Yaliyolowekwa huiva kwenye presha kuka kwa dakika 15 hadi 25 tangu mvuke uanze kupiga, na kwa bei ya mkaa na gesi, chombo hicho hujilipa mapema kwa nyumba inayokula maharage kila siku.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua sokoni, chukua ya njano, yakiwemo ya mbegu ya Njano Uyole iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole. Huiva mapema kuliko mengi ya mekundu. Gesi nayo hupungua yenyewe utumbo ukizoea: anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu. Anayehama kutoka mishkaki kwenda vikombe vitatu vya maharage usiku mmoja asilalamike.

Na soya?

Soya kavu ina protini kama gramu 36 kwa gramu 100, inaongoza mikunde yote. Lakini soya mbichi ina vizuizi vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, kwa hiyo kusaga soya mbichi na kuichanganya kwenye unga wa uji ni kosa, na linafanyika sana. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka, ziache dakika 20 hadi 30, pukuchua maganda kwa mikono, anika hadi zikauke kabisa, kaanga hadi rangi ya kahawia hafifu, ndipo usage. Kwa uji, vikombe vitatu vya unga wa ulezi au mahindi kwa kimoja cha soya vinatosha.

Nyama ya soya ya dukani iloweke kwenye maji ya moto dakika 15, ikamue vizuri mara mbili kuondoa harufu, kisha ikaange na kitunguu na tangawizi kabla ya kutia nyanya. Isiyokamuliwa ndiyo iliyoipa jina baya.

Watu wanasema nitaishiwa damu. Ni kweli?

Inawezekana, na kwa sehemu kubwa inategemea kikombe cha chai. Madini chuma ya mimea hunyonywa kwa shida kuliko ya nyama, na chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza unyonyaji huo kwa zaidi ya nusu. Sisi tunaishi katikati ya mashamba ya chai, Rungwe, Mufindi na Njombe, na chai ndiyo kinywaji cha kila mlo. Inywe saa moja kabla ya kula au saa moja hadi mbili baada ya kula. Kahawa ya Mbozi nayo ifuate ratiba hiyohiyo.

Upande wa pili, vitamini C huongeza unyonyaji. Chungwa, pera, nanasi, ndimu kwenye mboga, au kachumbari ya nyanya na pilipili hoho vinywewe au viliwe mlo uleule wa maharage, si saa nne baadaye. Kuloweka maharage, kuotesha ulezi na kuchachusha togwa hupunguza faiteti, kemikali ya nafaka inayoshika chuma na zinki.

Kikombe cha maharage kina miligramu 4 hadi 5 za chuma. Mboga bora ni mchicha, mnafu na majani ya maboga, zikiliwa kwa kikombe, si kwa kijiko. Rozela na bitiruti, vile viazi vyekundu vya juisi, wanazouziana watu kama dawa ya damu zina sifa kubwa kuliko uwezo: bitiruti hazifikii miligramu moja ya chuma kwa gramu 100, na rozela husaidia zaidi kwa uchachu wake kuliko kwa chuma.

Wanawake wenye hedhi nzito, wachangia damu na wasichana wa sekondari wapime wingi wa damu kabla ya kuacha nyama. Damu ikiwa tayari iko chini, irudishe kwanza.

Vitamini B12 ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

Kwa sababu hakuna mmea unaokupa. Hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Hapo ndipo mtego ulipo: mwaka wa kwanza na wa pili unajisikia vizuri, unawaambia watu "mbona sina shida," kisha ganzi inaanza kwenye vidole vya miguu, ulimi unakuwa mwekundu na laini, unasahausahau, unachoka bila kazi. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa muda mrefu huenda isirudi yote.

Togwa, ulanzi, soya, uyoga na udongo wa mboga isiyooshwa si vyanzo vya kutegemea, na anayekuambia vinginevyo hatakulipia dripu. Vejeteriani anayepata maziwa vikombe viwili na yai kwa siku kwa kawaida anafikia kiwango. Vegani anahitaji kidonge: mikrogramu 10 au zaidi kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Unga wa viwandani ulioongezwa virutubishi kwa mujibu wa viwango vya Tanzania huwa na B12, chuma, zinki na asidi ya foliki, lakini mahindi uliyosaga mwenyewe kwenye mashine ya mtaani hayana nyongeza hiyo.

Angalia kidonge unachouziwa. Famasi nyingi hutoa vidonge vya B1, B6 na B12 vya maumivu ya mishipa. B12 imo, ila vingi vina B6 miligramu 100 hadi 200, na B6 kwa kiwango hicho ikimezwa miezi mingi yenyewe huharibu mishipa ya fahamu, na huleta ganzi ileile uliyokuwa unaikimbia. Omba B12 peke yake, au multivitamini yenye B6 ya miligramu chache, na soma pakiti kabla ya kulipa.

Nikiacha samaki na dagaa, kuna kingine ninachopoteza?

Vitu viwili. Cha kwanza ni madini joto. Udongo wa milimani una madini joto machache, na rovu ni ugonjwa wa zamani katika nyanda hizi. Wazee wengi wanakumbuka shingo zilizovimba. Samaki wa ziwani na baharini husaidia kidogo. Usiyemla unategemea chumvi, kwa hiyo nunua ya pakiti yenye madini joto, si ya mawe inayopimwa kwenye gunia. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Cha pili ni kalsiamu. Usipa huliwa na mifupa yake, na hiyo mifupa ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Ulezi una zaidi ya 300 kwa gramu 100 za unga, maziwa yana kama 120, ufuta una nyingi. Sukuma wiki, chainizi na figiri hutoa kalsiamu inayonyonyeka vizuri. Mchicha unayo nyingi kwenye karatasi ila imefungwa na okzaleti, kemikali ya asili ya mboga hiyo, hivyo usiuhesabu kwa kalsiamu. Uhesabu kwa mengine.

Tafiti zinasemaje, asiyekula nyama ana afya bora?

Kwa mambo mengine ndiyo, kwa mengine hapana. Utafiti uliofuatilia Wasabato zaidi ya 90,000 wa Marekani na Kanada ulikuta wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa takriban asilimia 12 katika kipindi cha ufuatiliaji, na kisukari cha ukubwani kilikuwa kidogo kwao. Kumbuka kwamba wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, na wanaokula nyama waliolinganishwa nao walikuwa Wasabato wenzao, jambo linaloupa utafiti huo uzito.

Nchini Uingereza, utafiti wa muda mrefu uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta vejeteriani wana ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22, lakini kiharusi kilikuwa juu kwa asilimia 20. Watu wa utafiti huohuo walipoangaliwa tena mwaka 2020, mifupa ya vegani ilivunjika zaidi, hasa ya nyonga. Upungufu wa kalsiamu, protini na uzito mdogo wa mwili vilielezea sehemu ya tofauti hiyo.

Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha saratani, mwaka 2015 liliweka nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Hiyo ni habari ya anayekula kila siku. Anayekula kilo moja kwa mwezi na familia ya watu sita hana sababu ya kuogopa sahani yake ya Jumapili.

Na chipsi kavu na soda ni mlo wa mimea mtupu, kwa hiyo jina peke yake halimponyi mtu.

Nina gauti. Niache na maharage pia?

Hapana. Nyama nyekundu, maini, figo, dagaa na pombe, bia hasa, ndivyo vinavyohusishwa na gauti kwa uthabiti. Tafiti hazijaona ongezeko hilo kwa wanaokula maharage, njegere na uyoga. Wagonjwa wengi huacha maharage na kuendelea na supu ya asubuhi, yaani wamegeuza ushauri. Mwenye ugonjwa wa figo yeye ni habari nyingine: potasiamu na protini zake zipangwe na daktari.

Niliacha kitimoto kwa sababu ya minyoo ya tegu. Sasa niko salama?

Nusu tu, na jibu hili wasomaji wengi hawalitarajii. Tegu la nguruwe limethibitishwa na watafiti katika wilaya za Mbeya na Mbozi kwa miaka mingi, na ni miongoni mwa sababu za kifafa cha ukubwani. Mzunguko wake una njia mbili. Ukila nyama yenye malengelenge isiyoiva, unapata mnyoo mkubwa tumboni. Ukimeza mayai ya mnyoo huo, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, ndipo viluwiluwi huenda kwenye misuli na ubongo. Njia ya pili haipiti kwenye nguruwe kabisa. Inapita kwenye kachumbari, maji, na mikono ya mpishi.

Kwa hiyo asiyekula nyama, ambaye pengine anakula mboga mbichi kuliko jirani yake, ana sababu ya kuwa makini zaidi. Osha jani mojamoja chini ya maji safi yanayotiririka, pande zote mbili, ukisugua kwa vidole. Kuloweka kwenye chumvi au siki hakuui mayai hayo kwa uhakika, moto unayaua. Mboga za bondeni zilizomwagiliwa maji ya mto unaopita mjini zipike. Kachumbari itoke kwenye nyanya na matango uliyoyaosha na kumenya mwenyewe. Anayepika nyumbani anawe kwa sabuni akitoka chooni, na kama ana dalili za tegu atibiwe, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuilisha nyumba nzima.

Sumukuvu inanihusu?

Sana, kwa kuwa unategemea mahindi na karanga kuliko wengine. Kuvu hukua kwenye mazao yaliyovunwa na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 au chini. Chambua na utupe karanga zilizosinyaa, zenye weusi, ukungu au uchungu, na usimpe kuku. Karanga za kusaga nunua punje uzichambue, kisha upeleke mashine. Za kopo la bei ya chee mara nyingi ndimo makapi yalimoishia.

Mtoto wangu naye ale hivi?

Hapa tunasema wazi: mtoto wa miezi 6 hadi 23 asilelewe kivegani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa umri huo apate yai, samaki au nyama kila siku. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi hulijaza bila kumlisha. Familia isiyokula nyama impe yai moja kila siku na maziwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Uji uwe mzito, usimwagike kama maji kijiko kikiinamishwa. Ongeza kijiko cha karanga zilizosagwa au parachichi lililopondwa, na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Unga wa lishe wenye nafaka saba kwa pamoja hauna ubora wa ziada: nafaka saba bado ni nafaka.

Mama vegani anayenyonyesha bila kumeza B12 anamnyima mtoto vitamini hiyo kupitia maziwa yake, na kwa mtoto madhara huja ndani ya miezi, hayasubiri miaka.

Mjamzito je?

Mle nyama au msile, vidonge vya chuma na asidi ya foliki vya kliniki vimezwe vyote. Ongeza B12, mwambie muuguzi huli nyama, na usimeze vidonge hivyo kwa chai.

Natumia ARV au dawa za kisukari. Kuna mgongano?

Chakula chenyewe hakina mgongano. Virutubishi vya vidonge ndivyo vya kuangalia. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge wanachotumia wengi, hushikwa na chuma, kalsiamu na zinki za vidonge. Meza vyote pamoja na chakula, au kama ni tumbo tupu, dawa itangulie saa 2 au ifuate saa 6 baadaye. Metformin, dawa ya kisukari, hupunguza B12 mwilini kadiri miaka inavyokwenda, hivyo anayeitumia na hali nyama apime. Na sukari ikishuka kwa sababu ya mlo mpya, kupunguza dawa ni kazi ya daktari.

Kwa mama ntilie naagizaje?

Usiseme "nakula mboga tu," utaletewa dagaa. Sema: "Mama, naomba wali maharage na majani, mchuzi wa nyama usiniwekee." Uliza mawili kabla hajapakua: maharage yamepikiwa mfupa? Na kwenye mchuzi umetia kidonge cha nyama au kuku? Upawa mmoja huzunguka sufuria zote, kwa hiyo mwenye masharti makali afike mapema, kabla ya saa sita. Chipsi mara nyingi hukaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kuku. Maandazi na chapati mara nyingi huwa na maziwa, yai au siagi. Makande, viazi vya kuchemsha, ndizi za kuchoma na karanga ndivyo vya uhakika barabarani, kuanzia Igawa hadi Tunduma.

Nikienda ukweni wakanichinjia kuku?

Hili ndilo gumu, na kidonge hakilitatui. Kuku wa mgeni ni heshima, firigisi ina mwenyewe, na kukataa mezani kunasomeka kama kukataa nyumba. Taarifa itangulie. Mpitie anayepika, shangazi au wifi, siku kadhaa kabla: "Shikamoo shangazi, mimi nyama niliacha, ila maharage ya mama nayatamani." Mama mkwe akijua mapema atapika anachojivunia. Akijua wakati kuku tayari yuko kwenye bakuli, ameaibika mbele ya wageni wake.

Kama mambo yameshaharibika, pokea kwa mikono miwili, shukuru, kisha umpe mtoto au mzee aliye karibu. Karibu kila nyumba inaelewa mtu anayegawa mnofu. Usitoe somo la afya kwenye meza ya watu. Wala usizue ugonjwa: ukisema daktari kakataza, kesho utaulizwa habari za matibabu, na ukionekana na yai utaitwa mwongo.

Harusini shida ni pilau. Omba wali mweupe. Msibani ni rahisi kuliko kote, maharage hayakosi.

Wananiambia nimefulia, au nakula majani kama mbuzi.

Nyama huku ni kipimo cha mfuko, hivyo anayeiacha akiwa na uwezo anawachanganya watu. Mwanaume husikia zaidi, pamoja na yale ya nguvu za kiume, ambayo hayana msingi: kisukari na mishipa ya damu iliyoziba ndivyo vinavyozimaliza. Kinachonyamazisha maneno ni kuchangia sherehe kama kawaida na kuwanunulia wenzako mishkaki zamu yako ikifika, kama dhamira yako inaruhusu. Anayekaa mbali na meza ndiye anayeitwa mwenye maringo.

Inasaidia pia kukumbuka kwamba jambo lenyewe si geni. Wapo Wasabato wasiokula nyama, Marasta wana chakula chao, familia za Kihindu za mijini zimekula dengu na choroko vizazi na vizazi, na Mkatoliki anajua Ijumaa Kuu hakuna nyama. Tofauti ni kwamba hao wana sababu inayotajika kwa neno moja. Wewe tafuta sentensi yako fupi, uirudie ileile kila ukiulizwa.

Nipime nini, na wapi?

Wingi wa damu hupimwa kwenye vituo vingi vya afya. Kipimo cha B12 ulizia hospitali kubwa kama za rufaa. Kila halmashauri ina afisa lishe, na ushauri wake ni sehemu ya kazi yake, ingawa ni wachache wanaomwendea. Pima kabla ya kuacha, kisha baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Wingi wa damu peke yake usikutulize: asidi ya foliki iliyojaa kwenye majani na maharage yako inaweza kuufanya uonekane mzuri huku B12 ikiisha na mishipa ikiumia. Ndiyo maana mweleze mhudumu mambo mawili hata asipouliza: nini umeacha, na tangu mwaka gani.